Kichwa Mtungini

Februari 12, 1964, Jumatano

Majira ya Huzuni yameingia leo. Mjomba Tomegoro amepita nyumba zote za Urakoshi asubuhi, fimbo mkononi, kamasi puani, akitangaza yale yale ya kila mwaka: hakuna mayai, hakuna nyama, hakuna kushika sindano siku za mwiko, na mwenye ugomvi na jirani aumalize. Alipofika kwetu aliongeza jambo moja.

"Yaichi, kesho alfajiri uje ghalani kwangu. Uje umenawa."

Kwa hiyo mimi, mtu mzima, mkulima wa viazi vitamu na mkamuaji wa mafuta ya kamelia, nimekuwa mwanafunzi. Daftari hili nimelinunua duka la ushirika ili niwe na mahali pa kutapika hasira zangu, maana najijua. Sala zenyewe sitaandika humu hata neno moja. Ni mwiko. Zinatoka mdomoni zinaingia sikioni, katika Majira ya Huzuni peke yake. Siku ya Kufufuka ikishapita, mlango unafungwa mpaka mwaka mwingine.

Mwaka mwingine Mama hatakuwepo. Daktari wa boti alimbonyeza tumbo mwezi uliopita, akaniita nje, akaanza kunisifia shamba langu la shayiri. Nikajua.

Mama mwenyewe hana habari na kufa. Ana habari na kufutwa. "Nataka nifutwe vizuri, Yaichi," aliniambia. "Nisiachwe nusu nusu kama bibi yako mdogo."

Mambo haya nayajua tangu utoto, lakini nikiyaandika ndipo naona yalivyo ya ajabu. Zamani wakubwa walipopiga marufuku dini yetu ya Kikristo, kila mtu alilazimishwa kuzikwa na mtawa wa hekalu. Basi mtawa akisoma maandiko ya Budha sebuleni mbele ya maiti, mmoja wetu alikaa ghalani nyuma, akisema sala ya kuyafuta yale maneno, ili marehemu apite njia yetu badala ya njia yao. Marufuku ilishaondolewa babu yangu akiwa mtoto. Wale wa ng'ambo ya ghuba walirudi kanisani, wakajenga na mnara wa kengele. Sisi tumebaki na mtawa wetu na ghala letu. Na anayeijua Sala ya Kufuta amebaki mmoja, Mjomba, mdogo wake Mama, ambaye meno yamemwisha na magoti yamemgomea.

Vijana wote wako Osaka, na mwanangu Isao mmoja wao. Nimebaki mimi.

Februari 13

Nilidhani nitafundishwa nimekaa kama binadamu. Mjomba alinipa mtungi wa figili za chumvi, mtupu lakini harufu iko pale pale, akaniambia niinamie nitie kichwa ndani.

"Hata kujifunza, Mjomba?"

"Utajifunza kwa mdomo wako na utasema kwa mdomo wa nani? Ingiza kichwa."

Mtungi huu una kisa, na kila nyumba inakisimulia kwa namna yake. Kwetu ni hivi. Siku moja askari wa mkuu walikuja mazikoni kupeleleza, na sauti ya msema sala ikawa inavuja mpaka sebuleni. Mwanamke mmoja, Oyone, akaingia ghalani, akamkamata mumewe kisogoni na kumtumbukiza kichwa kwenye mtungi wa figili. Askari akauliza, "Nani huyo ananguruma?" Oyone akajibu, "Mume wangu, bwana. Amelewa kwa majonzi, anatapika." Tangu siku hiyo msema sala tunamwita mlevi, na mlevi husalia mtungini.

Leo nimejifunza sala ya kwanza, nusu. Nimerudi nyumbani nanuka figili. Kinuyo, mke wangu, amenipisha mlangoni huku ameziba pua. "Karibu, mlevi," akasema. Hana hata chembe ya huruma.

Februari 17

Upepo wa magharibi. Nimekosea. Nimerudishwa mwanzo.

Februari 18

Nimekosea. Nimerudishwa mwanzo.

Februari 20

Nimemwomba Mjomba jambo la akili. Sala ziko nyingi, zinafuatana kama shanga, na ya Kufuta ndiyo ya mwisho kabisa. Nikamwambia, "Mjomba, hali ya Mama unaiona. Nifundishe kwanza ile ya Kufuta, hizi nyingine nitazimalizia."

Alinitazama kama nimemwomba anikate mguu. "Ukienda kuoga unaanza kujifuta?"

"Sivyo, lakini—"

"Basi oga."

Maneno yenyewe hayana maana yoyote. Yaliletwa na wageni kutoka mbali, na midomo ya babu zetu imeyatafuna karne nzima nzima mpaka hayafanani na lugha yoyote. Nikimwuliza Mjomba neno fulani maana yake nini, anasema maana yake ni hilo neno linalofuata. Mtu atashika vipi kitu kisicho na mpini? Shambani nilikuwa nayarudia nikipiga jembe, na baada ya matuta mawili nikajikuta naimba tangazo la dawa ya meno la redioni.

Februari 23, Jumapili

Mitsue amekuja kumwona Mama. Dada yangu aliolewa ng'ambo ya ghuba, kwa watu wa kanisa, akabatizwa upya huko. Aliketi karibu na Mama, akamchua miguu, na tulikuwa tunakwenda vizuri mpaka alipotaja padri.

"Padri wetu ni mpole, Mama. Anaweza kuja kwa boti akusomee sala. Zimeandikwa, zimepigwa chapa, hakuna anayekosea."

"Za huko ni za huko," Mama akasema.

"Mama, ni zile zile! Zenu zimeharibika tu."

Kinuyo akasimama kwenda kutazama maji ambayo hayakuwa jikoni.

Mama hakukasirika. Alisema, "Mitsue, mama yangu alifutwa kwa hizi zilizoharibika. Nikipita njia yako iliyonyooka, nitamkuta wapi?"

Nje, Mitsue alinigeuzia kibao. "Na wewe unamchekea! Mnafuta nini siku hizi? Nani anawafukuza? Mtawa Ryokai mwenyewe anakula hapa kwenu."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilimwambia aangalie asikose boti.

Machi 3

Mvua siku nzima. Kamelia zimedondoka zote njiani, mtu anateleza. Sala ya nne nimeishika. Nadhani.

Machi 9

Leo nusura nimpige mzee.

Katika sala ya tano kuna msururu wa majina ya watakatifu. Juzi Mjomba alinifundisha kwa mpangilio fulani, nikauimba mpaka usingizini. Leo nimeusema vile vile, akanigonga goti kwa kiko chake. "Umeruka jina."

"Sijaruka, Mjomba. Ndivyo ulivyonifundisha."

"Mimi? Mimi nifundishe upuuzi huo? Una funza masikioni?"

Akanipa mpangilio mpya. Nikaushika. Sala ilipofika tena pale, akanigonga tena, akanirudisha kwenye ule wa juzi! Nikatoa kichwa mtungini. Nilimwambia achague mmoja, wowote, hata wa kubahatisha, lakini achague. Nilimwambia nina viazi vya kuatika, nina mama mgonjwa, na sikuzaliwa kuja kunusa figili zake. Akasema, "Toka."

Nikatoka. Nilipasua kuni nyingi kuliko tunazohitaji.

Machi 10

Sikwenda.

Machi 11

Nilikuwa nimeketi na hasira zangu Kinuyo akiosha mchele. Akasema, bila kugeuka, "Baba Isao, wiki iliyopita Mjomba alikuja hapa asubuhi, akaulizia chumvi. Nikampa. Hajafika mlangoni akageuka, akaulizia chumvi. Nikampa tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Una kelele."

Nilikuwa namhesabia Mjomba ubishi kumbe mwenzangu anasahau. Sala hizi ziko kichwani mwake peke yake duniani, na zinamtoka moja moja kama meno. Nilichukua daftari hili nikashika kalamu, kwa kweli nilitaka kuziandika zote ninazozijua na mwiko uende zake. Mkono ulikataa. Babu zangu walining'inizwa kichwa chini bila kutoa karatasi hata moja, kwa kuwa hawakuwa nayo. Lakini nimechukia. Nimewachukia hata wao.

Machi 12

Nimekwenda alfajiri, nimenawa. Mjomba alikuwa ameshaweka mtungi. Hatukusema lolote juu ya yale. Mpangilio wa majina nimeuchagua mimi, ule wa kwanza. Hakunigonga.

Machi 15

Mama hali tena ila uji mwepesi. Mjomba amekuja kumtazama mchana, wakazungumza mlango umefungwa. Nilipoingia na chai wakanyamaza wote wawili, wazee wazima, kama watoto walioiba sukari.

Machi 20

Siku ya mlingano. Tumefagia makaburi. Mtawa Ryokai amepita kusoma kwenye kila nyumba kama kawaida yake, akaketi kwetu, akala kankoro, vile vikate vya viazi vikavu, vitatu kwa mkupuo. Mzee mnene, mcheshi, babu yake na baba yake ndio waliotuzikia. Mtungi nilikuwa nimeuleta nyumbani kufanyia mazoezi, na nilisahau kuuficha.

Aliutazama. "Mwaka huu figili zimekwisha mapema," akasema.

"Zimekwisha, Mtawa."

"Mh." Akachukua kikate cha nne.

Ndivyo tunavyoishi naye. Familia yake imejitia hamnazo miaka na miaka, na sisi tumejitia hamnazo kwamba hatujui kwamba wanajua. Nimechoka na kujitia hamnazo. Laiti siku moja mtu mmoja kisiwani hapa angesema kitu kama kilivyo.

Nimemaliza sala ya tisa. Bado nyingi. Siku ya Kufufuka huja baada ya mwezi mpevu wa kwanza tangu mlingano, na ule mwezi unanenepa kila jioni. Sitawahi. Hata mjinga anaona sitawahi.

Machi 28

Mwezi umekamilika, mkubwa, umekaa juu ya ghuba kama sinia. Nimesimama uani nikautukana.

Machi 29, Jumapili

Kengele za ng'ambo zimelia asubuhi yote. Wenzetu wanasherehekea Kufufuka. Yao na yetu haziangukii siku moja kila mwaka, kwa hiyo hilo si neno, lakini mwezi ni mmoja. Nilikwenda kwa Mjomba nimeshakata tamaa, tayari kuambiwa mlango umefungwa.

Alikuwa ameketi na mtungi wake.

"Mjomba, si leo?"

"Leo nini?"

"Kufufuka."

Akanionyesha ukutani kwa kiko. "Mwaka huu umechelewa. Ni tarehe kumi na mbili ya mwezi ujao. Soma kalenda."

Nikasoma. Ni kalenda ya ushirika, ina picha ya ng'ombe na alama za mwezi pembeni mwa tarehe. Ni ya mwaka jana.

Nikaingiza kichwa mtungini.

Machi 31

Sijalala vizuri. Mjomba amekosea Kufufuka, siku kubwa kuliko zote, na Urakoshi nzima inafunga kwa kosa lake. Aliyegundua ni mimi, na mimi nimenyamaza kwa faida yangu. Nikimwambia, atafunga mafunzo saa ile ile, na aibu itamuua. Nisipomwambia, kila sala ninayojifunza sasa naipata nje ya majira, na pengine ni kama mbegu iliyochemshwa. Je, Mama atafutwa kwa sala ya wizi?

Nimekwenda leo. Nitakwenda kesho. Mungu anione tu.

Aprili 4

Tumefika kwenye Sala ya Kufuta.

Nilitarajia kitu kizito. Ni fupi, inajirudiarudia, inakimbia. Mjomba alinyooka mgongo alipoianza, na kwa mara ya kwanza tangu Februari hakusita popote. Kisha akanipa masharti.

"Kwanza, usiseme wakati hakuna anayesoma. Utafuta nini kama hakijaandikwa? Sasa hivi unajifunza tu, haifanyi kazi. Kazi ni mpaka mtawa awe anasoma kule mbele, na wewe huku. Pili, uimalize kabla yake au pamoja naye. Akimaliza wewe bado uko katikati, yaliyobaki yanabaki kwa marehemu."

"Na nikikosea?"

"Unarudi mwanzo, kama ana pumzi ya kukusubiri. Hanaga."

Aprili 6

Vumbi la njano kutoka bara limefunika kila kitu. Tunakohoa wote. Nimekosea mahali pale pale mara zote.

Aprili 9

Mwezi umebaki ukucha. Keshokutwa hautakuwepo kabisa, na tunatangaziwa kwamba Kufufuka kwetu, sikukuu ya mwezi mpevu, ni Jumapili hii! Mtoto wa darasa la pili angeuliza. Hakuna anayeuliza. Jirani yangu Heisaku ameniambia leo, huku anatazama anga tupu kabisa, "Mwaka huu umechelewa kweli kweli." Nikasema, "Kweli." Akakohoa, akaenda zake.

Jikoni mayai yamejaa vikapu. Nikamwambia Kinuyo ayauze kwa lori la ushirika kabla hayajaoza. Akasema keshauza, na wenzake wote wameuza, na dereva amewauliza kama kuku wa Urakoshi wamepata wazimu.

"Hawalalamiki kufunga muda wote huu?"

"Wamlalamikie nani?" Alinitazama vibaya. "Baba Isao, jifunze sala yako."

Aprili 11

Nimeisema yote bila kosa. Mjomba alifumba macho. Akasema, "Tena." Nikaisema tena. Akasema, "Tena." Nilipomaliza ya tatu alikuwa ametazama pembeni, akitafuta kiko ambacho kilikuwa mkononi mwake.

Aprili 12, Jumapili

Kufufuka. Urakoshi nzima inanuka mayai ya kukaanga. Wamekula kama watu waliotoka kifungoni.

Mama alitaka kuonja. Nilimlisha kijiko cha yai, akakaa nalo mdomoni, hakumeza. Tulikuwa wawili tu, na dhamira ilinisukuma. Nikamwambia, "Mama, nina jambo. Leo siyo Kufufuka. Mjomba alitazama kalenda ya mwaka jana. Nilijua na sikumwambia, kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza. Nimewadanganya wote."

Akatoa lile yai kwenye leso. Akaniambia, "Umejua lini?"

"Mwezi ulipojaa."

"Mwezi nauona kutoka hapa nilipolala, Yaichi. Sina macho?"

Sikuelewa. Mama akanieleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mwezi wa Machi Mjomba alikuja, mlango ukafungwa, akalia. Akamwambia dada yake: mimi nasahau, na mwanao ni mzito, hatutawahi, niyarefushe majira? Mama akawaza. Akamwambia: yarefushe, dhambi yake tutagawana, nusu yangu nitakwenda nayo mwenyewe. Mjomba akaenda kwenye takataka za ushirika, akatafuta kalenda ya zamani, akaitundika ili mimi niwe na kitu cha kulaumu.

"Na wengine?" nikauliza. "Heisaku? Wote?"

"Nani aliwaambia? Hakuna aliyewaambia. Watu wana macho."

Nilitoka uani. Nilikuwa na hasira, naandika kama ilivyokuwa: hasira ya kuwa mjinga wa mwisho kijijini, ya kubeba siri ambayo kila mpishi alikuwa anaipikia. Mzee ambaye hakunivumilia jina moja la mtakatifu alikuwa amesogeza Siku ya Kufufuka yenyewe kwa mikono yake, kwa ajili ya dada yake na kwa ajili ya uzito wa kichwa changu. Watoto wamenyimwa mayai kwa ajili ya kichwa changu. Nilikaa juu ya gogo la kupasulia kuni nikalia kama ng'ombe, na Kinuyo akaja akasimama kando yangu, na mara hiyo moja hakunitania.

Aprili 14

Kuatika viazi. Upepo mzuri. Mama hajui saa wala siku.

Aprili 18

Mama amekwenda leo asubuhi, kabla ya chai. Mitsue aliwahi boti. Alimkutanisha Mama mikono kifuani, akasema sala yake ya kanisani chini kwa chini, nami sikumzuia. Kisha akanigeukia, macho mekundu. "Unaijua?"

"Naijua."

"Basi mfute vizuri," akasema.

Aprili 20

Naandika wakati yote bado yako masikioni.

Watu walijaa sebuleni. Mtawa Ryokai alikuja na gari la ushirika, akavaa joho lake, akaketi mbele ya jeneza. Mimi na Mjomba tulikuwa ghalani nyuma, mlango wa karatasi kati yetu na watu. Mjomba aliletwa amebebwa na Heisaku. Mjomba mwenyewe aliniwekea mtungi, akaufuta ukingo kwa mkono wa kanzu yake.

Kengele ndogo ikalia. Mtawa akaanza, nami nikaanza. Ulimi haukuniteleza. Pale niliposhindwa siku zote nilipapita bila hata kupaona. Nilisema mpaka mwisho, nikanyamaza, na kule mbele mtawa akawa bado ana maneno machache, akayamaliza, akagonga kengele. Jasho lilikuwa linanitiririka. Nilitoa kichwa nikamtazama Mjomba.

Alikuwa amekunja uso.

"Umekosea," akasema.

"Wapi?"

"Mahali. Umekosea mahali pamoja."

"Wapi, Mjomba? Niambie ni wapi!"

Alifungua mdomo. Akaangalia mikono yake, akaangalia mtungi. Niliona anatafuta, anatafuta kweli, kama mtu anayepapasa mfukoni kitu alichokuwa nacho sasa hivi. "Mahali," akasema, sauti imekuwa ndogo. "Sikumbuki. Lakini nilisikia."

Sijawahi kukasirika vile maishani mwangu, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Labda nilikosea. Labda sikukosea, na kilichokosea ni kichwa chake. Duniani hapana mwingine wa kumwuliza. Nilisahau niko wapi, nikapiga kelele, "Mama yangu yuko pale amelala, wewe unaniambia mahali? Amefutwa au hajafutwa?"

Nyumba nzima ilinyamaza. Upande wa pili wa mlango wa karatasi watu zaidi ya hamsini walikuwa wamenisikia, na mtawa yuko katikati yao. Miaka yote ya Oyone na mumewe nimeimwaga kwa pumzi moja. Nilisikia mguu mmoja ukiburuzwa, mtoto akiambiwa shii.

"Sema tena," Mjomba akanong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Tangu mwanzo. Sema tena."

"Nitasema vipi? Ameshamaliza kusoma. Nitafuta nini?"

Masharti ni yake mwenyewe, na jibu alikuwa analijua.

Kule mbele mtu akasafisha koo. Nikasikia Mtawa Ryokai akiomba radhi kwa wafiwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuomba kikate cha nne. Alisema kwamba yeye sasa ni mzee, macho yamefifia, na anaona aibu kusema kwamba ameruka mstari mahali fulani katikati, hakumbuki ni wapi. Kama wafiwa watamvumilia, angependa kusoma tena. Tangu mwanzo. Na atasoma polepole.

Mitsue ndiye aliyejibu. Alisema, "Tafadhali, Mtawa."

Kengele ikalia. Sauti yake ikapanda tena kutoka neno la kwanza, pole pole, kila neno peke yake, ya mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Mjomba akanigonga goti. "Haya, anza basi," akasema. "Usimchoshe mtu wa watu."